Vijiko vya Buluu

9 Machi

Mvua imeanza leo watu wakitoka kazini, nami nimeanza shajara, kwa sababu mikono inaniwasha na mezani hakuna kinachokauka.

Nimehamisha meza tena. Sasa iko chini ya dirisha la sebuleni, pale Baba alipokuwa akiweka redio. Ukiingia kwetu hapa Woodley utadhani umefika yadi ya magari ya ajali: lori bila magurudumu, Peugeot bila paa, basi nililolikata katikati nikitaka kulirefusha kisha hamu ikaniisha. Yote ni ya plastiki, ya kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi, makubwa kama mkate, na hakuna hata moja lililokwisha. Were, rafiki yangu tunayekutana naye Jumamosi na wenzetu wa mchezo huu kwenye mkahawa mmoja Kilimani, huyaita wagonjwa wangu. Yeye amekaa na Volkswagen moja tangu mwaka juzi akiipiga msasa polepole. Mimi nikiambiwa nisubiri gundi ishike, nafungua boksi jingine.

Kazini ni hivyohivyo. Ofisi ya bima katikati ya mji, picha za magari yaliyopondeka asubuhi hadi jioni, na kila mara nasimama kwenda kuchota maji nisiyoyataka.

"Mami, kaa chini," Baba alisema aliposikia meza ikikwaruza sakafu. Ananiita Mami kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, Waringa. Mtu hamgombezi mama yake, kwa hiyo yeye huniomba tu. Sikukaa.

12 Machi

Tumetoka kwa Daktari Mwongeli. Jicho la kushoto la Baba lilikufa zamani, jiwe lilipopasua kioo cha lori lake karibu na Mtito Andei, na ndipo akaachana na barabara. La kulia ndilo limembeba tangu siku hizo. Sasa lina mtoto wa jicho, na amekomaa.

"Mzee Waithaka, tunamtoa, tunaweka lenzi mpya," daktari alimwambia. "Wengi wanaona vizuri sana."

"Na wale wengine?"

Daktari hakumdanganya. Alisema hakuna upasuaji usio na hatari, na kwa mtu mwenye jicho moja yeye huwa mwangalifu mara mbili. Akampa tarehe, nne Juni. Baba akavaa kofia yake.

Tulipofika nyumbani ndipo akasema. "Wewe hutengeneza magari ya watu hata huwajui. Nitengenezee lori yangu. Niione vizuri, halafu wanikate. Nikitoka huko giza, nitoke nikijua hiyo ndiyo nimeona mwisho."

"Na nisipomaliza?"

"Basi siendi."

Nikasema sawa. Mimi, ambaye hata sweta niliyoanza kufuma shuleni bado ina mkono mmoja.

16 Machi

Were amenipatia seti ya Mercedes ya pua, lori lenye injini mbele ya kibanda, karibu sawa na ile ya Baba. Nimeifungua ndani ya gari lake kabla hatujafika Ngong Road. Akaniangalia tu.

17 Machi

Mvua.

24 Machi

Kichwa cha lori kimesimama. Bodi ya nyuma ninajitengenezea kwa vipande vya plastiki, kwa sababu wenye seti hawakufikiria lori la Kenya lililobeba chai, saruji na mtu mmoja mmoja aliyekwama njiani. Baba ananielekeza akiwa kwenye kiti chake. Ngazi upande wa kushoto, si kulia. Mtungi wa maji nyuma ya kibanda. Turubai limefungwa kwa kamba ya mkonge, na fundo liko nyuma, si pembeni, "kwa sababu pembeni lilikuwa linapigwa na matawi kule Kericho."

Turubai nimelitengeneza kwa karatasi ya tishu niliyoilowesha kwenye gundi nyeupe yenye maji. Likikauka linabaki na mikunjo yake. Nimeliangalia nikasahau kuinuka, na hilo kwangu ni ajabu.

Jioni Baba alikataa chai. Alisema maziwa yameharibika, yamegeuka manjano. Nikayanusa, nikayanywa. Yalikuwa mazima kabisa.

31 Machi

Rangi. Picha pekee ya lori hilo ni nyeusi na nyeupe: Baba kijana, mguu kwenye bampa, na kando yake Kitavi, aliyekuwa tanboi wake, msaidizi wa safarini. Lakini malori ya Kilele, kampuni aliyoifanyia kazi Baba, iliyokufa nikiwa bado mdogo, ninayakumbuka kidogo. Buluu iliyotulia, kama sweta za shule. Nikachanganya. Sisi wa mchezo huu hatupaki gari kwanza. Tunapaka vijiko vya plastiki, vile vya kula keki, ili tuone rangi inavyokaa mahali palipoinuka na palipobonyea. Kijiko cha kwanza kilitoka vizuri hata nikajipongeza.

Baba akakileta karibu na pua, akakipeleka dirishani.

"Hii si buluu, Mami. Hii ni maji ya mtaro."

"Baba, hii ni buluu."

"Mimi ndiye nilikuwa naiosha."

Nimekitia kijiko kwenye mtungi wa jemu.

6 Aprili

Kijiko cha pili, buluu iliyochangamka kidogo. Maji ya mtaro.

7 Aprili

Kabla ya kanisa Baba amekosana na mama anayetufulia. Anadai ameharibu shati lake jeupe la Jumapili, limekuwa kahawia kama la muuza mkaa. Mama wa watu akalinyoosha mbele yangu: jeupe kama unga. Nikamwomba radhi pale mlangoni. Baba anakuwa mkaidi, na mimi nimechoka kuwaomba watu radhi kwa niaba yake. Kanisani ameimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

13 Aprili

Nimeamua kumshinda kwa kazi. Nimelipaka lori lote buluu ya kijiko cha pili, nikisema akiliona zima atakubali. Were alinionya kwa simu: "Usipulize vanishi na hii mvua, Waringa. Ngoja jua." Jua gani? Tangu wiki iliyopita hatujaliona. Nikapuliza.

Mbele ya macho yangu vanishi ikageuka nyeupe. Unyevu umenaswa ndani yake, na lori zima likawa kama limepigwa na ukungu wa Limuru. Nimelitupa kochini, nimevaa viatu vya mvua na kutembea hadi Dagoretti Corner na kurudi. Niliporudi Baba alikuwa amelipapasa na kulikuta, amelipakata.

"Kioo cha pembeni kimevunjika," alisema. "Lakini ekseli ni nzima."

14 Aprili

Rangi kwenye plastiki huondolewa kwa kuloweka kwenye mafuta ya breki. Nimerudi Dagoretti Corner, kwenye duka la Kitavi. Ndiye huyohuyo tanboi wa kwenye picha. Siku hizi anauza vipuri vya magari, mzee mwenye kitambi na miwani inayoning'inia kwa kamba. Bado humwita Baba "Dere", yaani dereva.

Nilikuwa nimebeba vile vijiko mfukoni. Sijui kwa nini. Nikavipanga kaunta, kando ya plagi na mikanda ya feni.

"Mzee Kitavi, lori lenu lilikuwa rangi gani?"

Hakufikiri hata kidogo. Akagusa cha kwanza. "Hii. Hii kabisa. Wacha nikuambie, kila tukifika Voi Dere alikuwa ananitoa usingizini niioshe. Nimeona hiyo buluu kuliko nimeona bibi yangu."

"Yeye amesema ni maji ya mtaro."

Kitavi akakohoa, akafunga mafuta ya breki kwenye karatasi. "Dere anaogopa," akasema. "Hata ile siku ya jiwe hakuogopa. Akaendesha na damu hadi Voi. Sasa anaogopa."

Nyumbani, harufu ya mafuta ilipoanza kupanda kutoka kwenye beseni, Baba aliinua kichwa kutoka kitini. "Ni nani anatoa hewa kwenye breki?" Alikuwa na furaha kama amealikwa mahali.

20 Aprili

Kijiko cha tatu. La.

27 Aprili

Cha nne. La. Sikwenda Kilimani. Nimepaka rangi kucha, nikaifuta.

4 Mei

Leo nimefanya ubaya, acha niuandike wote.

Mvua ilikuwa inapiga bati la jikoni hata redio haisikiki. Nikamletea kijiko kingine, akakigeuzageuza, akasema, "Bado, Mami. Hii imelala." Nikapasuka. Nikamwambia Kitavi ameitambua rangi ile ya kwanza, ya Machi, bila kuulizwa mara mbili. Nikamwambia hakuna shida ya rangi hapa. Nikasema, "Wewe hutaki lori liishe. Unajua likiisha utaenda. Unajificha nyuma yangu kwa sababu unajua mimi huwa simalizi kitu!"

Nilikuwa nazunguka meza nikisema hayo yote. Alikuwa anafuata sauti yangu kwa kichwa, huku na huku.

"Ni kweli naogopa," alisema. "Barabara sisahau. Nikifumba macho naona Sultan Hamud, naona kila kona. Lori naona. Sura ya mama yako naona, Mungu amlaze. Lakini yako imeanza kuniisha. Unapitapita hapa kama mtu wa kupeleka barua. Hukai hata nikushike na jicho. Nikikuangalia umefika jikoni. Sasa nikienda, na hilo jicho likatae, nitabaki na barabara tu."

Nilisimama na kijiko mkononi, nikaona aibu mpaka masikioni. Nikataka kukaa karibu naye. Badala yake nilikwenda kuosha sufuria zilizokwisha oshwa.

Lakini aliendelea, na hilo ndilo linanizungusha kichwa. Alisema, "Na rangi sidanganyi. Nikidanganya juu ya hiyo lori, nife. Hiyo unaniletea si yenyewe."

5 Mei

Nimeamua. Kitavi ana rangi yake, mimi nina yangu, Baba ana yake. Lori ni la Baba.

11 Mei

Tumeichanganya pamoja. Leo mvua imetupa nafasi ya saa za mchana, nikasogeza kiti chake hadi dirishani, nikawa naongeza tone baada ya tone na kumpa kijiko baada ya kijiko. "Ongeza buluu. Ongeza. Ichangamshe." Nikaongeza buluu, nikaongeza nyeupe, nikatia na kisoda kimoja cha rangi ya Volkswagen ya Were, ile anayoilinda kama shamba. Kila kijiko kilikuwa kikipiga kelele kuliko kilichotangulia. Mwisho nilimpa kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikitazama kwa jicho la pembeni.

Baba akakishika.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Usiguse."

Ni rangi ya beseni la kufulia. La plastiki, jipya, linaloning'inia mlangoni mwa duka.

18 Mei

Nimelipaka. Nimelikausha ndani ya boksi lenye balbu ya joto, ile tuliyokuwa tukiwawekea vifaranga. Vanishi sikupuliza mpaka ilipokauka kabisa. Nilitaka. Niliitia mikono mifukoni.

25 Mei

Nimelipeleka Kilimani wenzangu walione. Wakainama kulitazama. Kisha Were, kwa upole wake wote: "Waringa, niaje, hii ni lori ama ni beseni?" Wakacheka, nami nikacheka, ingawa ilinichoma. Baadaye akaligeuza, akaona ngazi upande wa kushoto, turubai, fundo la mkonge nyuma, mtungi wa maji wenye kutu niliyoitengeneza kwa majani ya chai. Akaliweka chini kwa mikono miwili.

"Lakini umemaliza," akasema.

Kweli. Nilikuwa sijaliona hilo.

26 Mei

Kitavi alipita kutoka kanisani. Alipoliona akatoa miwani, akaifuta, akaivaa tena. Baba alikuwa amelishika kwenye mwanga wa dirisha, gurudumu linagusa pua, analiendesha kwenye mkono wa kiti na kubadilisha gia kwa mdomo. Alikuwa anapanda Mlima wa Mazeras, nilijua kwa sauti.

"Tanboi," Baba akasema, "hii ndiyo ama si hiyo?"

Kitavi aliniangalia. Nikamwashiria kwa kichwa akubali.

"Ndiyo hiyo, Dere," akasema. "Imebaki tu kuoshwa."

3 Juni

Siku nzima sijagusa chochote mezani. Nimefagia mara mbili. Baba amelipiga pasi lile shati la Jumapili mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Ameliweka lori juu ya televisheni, akarudi kuligusa, akaenda kulala, akarudi tena.

4 Juni

Amefanyiwa. Daktari Mwongeli anasema imekwenda vizuri, lakini atajua kesho bandeji ikitoka. Wakati wanamwingiza aliniuliza, "Uko wapi?" Nikasema niko hapa. Nilikuwa hapo kweli, lakini nimetembea kwenye ile korido mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Kesho, kesho. Mungu wangu.

5 Juni

Bandeji ilitoka asubuhi. Mimi nilikuwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Baba alikodoa jicho. Akatazama dari. Akatazama mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akashika ukosi wa shati lake.

"Hili shati mmenunua lini?"

"Ni lile lile, Baba."

"Wacha mchezo. Hili ni jeupe."

Daktari akacheka, akatueleza. Mtoto wa jicho huja polepole akiwa na rangi ya chai, na mtu hutazama dunia nzima kupitia chai hiyo bila kujua. Nyeupe inakuwa manjano, inakuwa kahawia. "Na buluu ndiyo inaumia zaidi," alisema. "Buluu ya kawaida ataiona chafu. Mpaka iwe kali sana ndiyo ataiona kama ile anaikumbuka."

Maziwa. Shati. Yule mama niliyemwomba radhi kwa niaba yake. Kitavi alikuwa sahihi, nami nilikuwa sahihi, na Baba hakudanganya hata mara moja. Na nyumbani, juu ya televisheni, kuna lori la rangi ya beseni linamngoja.

Njiani nilimwambia dereva wa teksi aende polepole. Baba alikuwa anasoma mabango kwa sauti, moja baada ya jingine, dawa ya meno, vyumba vya kupangisha, maombi ya usiku kucha. Mvua hakuna. Mbingu za Nairobi zilikuwa zimeoshwa, naye akaziangalia hadi shingo ikachoka.

Aliingia sebuleni, akasimama.

"Waringa," akasema. Aliniita jina langu kamili. "Ni nani alipaka lori yangu hii rangi?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

Nikaleta mtungi wa jemu. Akavimwaga vijiko vyote mezani, akavipekua kwa kidole kama anayechagua maharagwe. Hakuchukua muda. Akainua kimoja, kile cha Machi, akakiweka kwenye kiganja.

"Hii. Hii ndiyo Kilele."

"Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa niliyokupa."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ukasema ni maji ya mtaro."

Akaanza kucheka. Amekatazwa kucheka kwa nguvu, amekatazwa kuinama, na alifanya yote mawili, akishikilia ukingo wa meza, nami nikicheka huku nikimsihi aache kwa ajili ya jicho. Tuliponyamaza nikaanza kukusanya vitu. Nikamwambia jua limetoka, mafuta ya breki yamebaki, nikiliweka kwenye beseni leo jioni, Jumamosi litakuwa limepakwa buluu yenyewe, Jumapili vanishi. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta viatu.

Baba alilichukua lori, akaliweka kifuani, na kile kijiko akakitia mfuko wa shati.

"Usiguse," akasema. "Hii imekwisha."

"Lakini si rangi yake."

"Imekwisha, Mami. Kaa chini."

Kisha akaniangalia. Si kama alivyokuwa akifuata sauti yangu. Aliniangalia paji la uso, mashavu, kidevu cha mama yake, akarudi juu tena, na jicho lake lilikuwa safi na jekundu kidogo pembeni.

"Kumbe una mvi," akasema.

Nikakaa. Sikuinuka mpaka alipomaliza kuniangalia.